Sanduku la Njiani na Sanduku la Kungoja

Kilichoninyima usingizi usiku ule kilikuwa begi. Lilikuwa chini ya kitanda changu, nyumbani kwetu Viwanja Sitini, mjini Ifakara, limefungwa zipu tangu niliporudi kutoka chuoni. Ndani yake kulikuwa na suti ya usaili, viatu vya usaili na vyeti. Asubuhi gari la Malinyi lingekuja kumchukua mama mkubwa, na kabla halijapiga honi ilinipasa niwe nimeamua kama ninapanda naye au ninabaki.

Nikipanda na begi, tope na maji vingeliharibu. Nikipanda bila begi, halafu nikaitwa Dodoma kwenye usaili, ningekuwa ng'ambo ya mto, barabara imekatika, suti na vyeti viko huku. Nikibaki na begi, kazi ya Malinyi ingekwenda kwa mtu mwingine, na kazi hiyo ilikuwa ya kweli, siyo tangazo. Kikundi cha akina mama wakulima wa mpunga kule kilitaka mtu wa kusimamia ghala lao msimu utakapoanza. Mama yangu, aliyekuwa ametangulia Malinyi kukaa na bibi, alikuwa amewasifia elimu yangu mpaka wakachoka kumsikiliza, wakamwambia: basi aje pamoja na dada yako, asipokuja naye tutamchukua mwingine. Jambo lilikuwa limenyooka namna hiyo. Aliyepinda nilikuwa mimi.

Nimesomea ununuzi na ugavi. Darasani nilifundishwa namna ya kupanga shehena ghalani, ipi iingie mwanzo, ipi itoke mwanzo, ipi isigusane na ipi. Nilifaulu vizuri. Na usiku ule nililala chali, macho kwenye chandarua, nikishindwa kujua niliweke wapi begi moja.

Mama mkubwa hakuwa na shida hiyo, naye alikuwa ametoka mbali kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mzigo mzito kuliko wa yeyote.

Yeye ni dada mkubwa wa mama yangu. Aliondoka nchini nikiwa sijazaliwa, akaenda kufanya kazi ya kuwatunza wazee katika mji mmoja wa bandari kwenye nchi za baridi. Tulimjua kwa sauti na picha. Alipostaafu akasema anarudi kwa mama yake Malinyi, lakini daktari alikuwa amemkataza ndege kwa sababu ya masikio. Ndugu wote tulidhani basi, safari imekufa. Yeye akauliza tu, kwani zamani watu walikuwa wanavukaje? Akatafuta meli. Ilikuwa meli ya abiria, ile mikubwa inayozunguka bahari na wazee matajiri, na Dar es Salaam ilikuwa mahali itakapotia nanga siku moja tu kabla ya kuendelea. Akapanda.

Baba alikuwa shambani, mama alikuwa Malinyi, kwa hiyo kwenda kumpokea kuliniangukia mimi. Nilijiandaa kwa namna ninayoiweza, yaani kwa kuhangaika. Nilisoma mtandaoni kila kitu kuhusu mizigo ya abiria wa meli. Nilijiuliza kama forodha watayafungua masanduku yake. Nilijiuliza kama meli inaweza kuahirisha kutia nanga na kupitiliza na mama mkubwa wangu mpaka visiwa vingine. Nilijiuliza pia kama nitamtambua, nikasahau kujiuliza kama yeye atanitambua mimi.

Nilisimama nje ya geti la bandari tangu asubuhi. Meli niliiona juu ya mapaa ya maghala, nyeupe, imejaa madirisha, nikadhani kwanza ni hoteli ambayo sikuwahi kuiona. Wazee wenye kofia pana walitoka makundi kwa makundi, wakapanda mabasi ya kutembezwa mjini, mikononi hawana kitu ila chupa za maji. Wao jioni walikuwa wanarudi melini. Nilipokwisha kukata tamaa, nikaona mkokoteni wa chuma unasukumwa na vijana wawili wa bandarini, juu yake masanduku mawili makubwa ya buluu, na nyuma yake mwanamke mrefu amevaa kanga juu ya gauni, anatembea polepole kama mtu anayesindikiza wageni wake.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivi? Au ni picha ndizo zinazokunenepesha?"

Nikataka kulia, nikacheka. Halafu nikaanza: risiti zipo? Wamefungua? Kuna kitu kimevunjika? Akaniacha nimalize maswali yote, kisha akanionyesha begi dogo begani mwake. Lilikuwa limefungwa kipande cha kanga nyekundu kwenye mpini.

"Hili ni la njiani," alisema. "Yale ni ya kungoja. Melini ukipanda tu wanakuuliza. Unachokihitaji safarini kinakaa na wewe chumbani. Kingine chote kinashuka tumboni mwa meli, na hukioni tena mpaka bandarini. Kwa hiyo lazima ujue mapema kipi ni kipi."

"Na ukikosea?"

"Ukikosea unavuka bahari bila mswaki. Watu wamevuka."

Siku ile tuliyaacha masanduku stendi kuu, kwenye chumba cha kutunzia mizigo, tukaenda kulala kwenye hosteli ya masista. Walitupa kibao cha plastiki chenye namba. Mimi nilikitazama kibao kile mara nyingi kuliko nilivyokitazama cheti changu cha shahada. Mama mkubwa alikula, akasali, akalala, na asubuhi aliponiona macho mekundu akaniuliza kama kitanda changu kilikuwa na kunguni.

Kwenye basi la Ifakara alikaa dirishani akitazama nchi kama mtu anayehakiki kumbukumbu zake. Masanduku yalikuwa kwenye buti chini yetu, na kila basi liliposimama mimi nilishuka kuangalia nani anashusha nini. Mikumi nilishuka. Kidatu nilishuka. Tulipofika Kiberege, kondakta akaniziba mlango.

"Dada, wewe ni abiria au mwenzangu? Kama mwenzangu niambie nikakae kwako nipumzike."

Abiria wakacheka. Mama mkubwa alikuwa amefungua dirisha na kuzungumza Kipogoro na muuza ndizi pale chini, Kipogoro cha zamani, kile cha bibi, na yule mama mwenye ndizi alikuwa ameshika kiuno kwa furaha. Akamwongezea ndizi juu ya zile alizonunua. Miaka yote ile, na hakuwa ametupa hata neno. Nikakaa. Kutoka Kiberege mpaka Ifakara sikushuka tena, ingawa ni kwa sababu kondakta aliendelea kunitazama.

Ifakara mvua ilikuwa imeshika. Tulikaa nyumbani tukisubiri barabara ya Malinyi ipitike, na ilipoanza kupitika akaja dereva mmoja wa gari la bodi ndefu, mwembamba, mcheshi, anayeijua njia ile. Alipoona masanduku sebuleni alisimama mlangoni.

"Mama, haya ni masanduku au ni wapangaji?"

"Ni mizigo yangu, baba."

"Sawa. Ila nikuambie ukweli. Tukivuka daraja, tukafika huko mbele ya Lupiro, gari likinasa abiria wanashuka wanasukuma. Haya hayatashuka. Yatakaa humo ndani yanatutazama."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo uende wewe au yaende yenyewe. Ukingoja hadi kiangazi mtakwenda wote."

Kiangazi kilikuwa mbali, na bibi ni mzee sana. Mama mkubwa akasema ataondoka mara gari litakapopata abiria wa kutosha. Hapo ndipo mimi nilipoona mlango umefunguka, mlango mzuri, usio na aibu. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejitolea, kwamba basi mimi nitabaki niyalinde masanduku.

Kesho yake asubuhi alimwita jirani.

Ili mgeni aelewe jirani huyu ni nani, lazima aelewe mtaa wetu wakati wa masika. Watu wengi wa Ifakara wana nyumba mbili, moja mjini, nyingine bondeni ambako mpunga uko. Ukifika wakati wa kupanda, familia nzima huhamia shambani na kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, wawinge ndege na wawahi palizi, na hawarudi mpaka mavuno. Mlango wa nyumba ya mjini unafungwa, lakini vitu vya ndani haviachwi humo. Vinapelekwa kwa mtu anayebaki. Mtaani kwetu mtu huyo ni yeye, mama mnene mwenye fimbo, ambaye tangu alipovunjika mguu haendi tena shambani. Chumba chake cha nyuma na nusu ya sebule yake vimejaa makabati, magodoro, baiskeli, runinga, vitanda vilivyofunguliwa. Ukiingia hujui kama ni nyumba au ni mtaa mzima uliokaa kikao.

Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote bila kumwangalia. Siku ile nilimwangalia. Alisimama mbele ya masanduku ya mama mkubwa, akayagonga kwa fimbo taratibu kama mtu anayepiga hodi.

"Nayachukua. Ila masharti yangu unayajua?"

"Niambie, dada. Nimekaa mbali."

"Kwangu hakifungwi kitu. Godoro linalaliwa. Redio inasema. Sufuria inapikiwa. Kitu ukikifungia masika yote, kinaota ndevu. Nikiona jua naanika, nikiona panya namfukuza, na kitu nikikihitaji nakitumia. Ukirudi utakikuta kizima. Ukitaka kufuli, mpelekee polisi."

Nilijua ni kweli. Cherehani ya watu wa nyumba ya kona ilikaa kwake masika matatu, na kwa cherehani hiyo alijifunza kushona, akarekebisha sare za shule za mtaa mzima, na wenyewe waliporudi na mchele mpya wakaikuta inazunguka kwa ulaini kuliko walivyoiacha. Nilijua, na bado nilimshika kiwiko mama mkubwa alipovua shingoni kamba yenye funguo mbili na kumpa jirani.

"Mama mkubwa," nilinong'ona, "hata hujamuuliza atatumia nini."

"Nikijua ndiyo nitafanya nini? Nitakaa Malinyi nalihesabia shuka langu usingizi?"

Mchana ule jua lilitoka, jua lile kali la baada ya mvua, ardhi inatoa mvuke. Mama mkubwa alikwenda kanisani. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo nikasikia kelele kwa jirani, nikatoka.

Jirani alikuwa ametandika mikeka uwanjani, amefungua masanduku yote mawili. Kamba zake za kuanikia zilijaa mashuka, mapazia, mablanketi, vitambaa vya meza, na katikati koti zito la sufu, jeusi, limening'inia kama mtu. Sasa mtaani kwetu sanduku likifunguliwa juu ya mkeka na nguo zikatundikwa kwenye kamba, maana yake ni moja tu: mtumba umeingia. Watu walikuwa wameshajaa.

"Jirani, umeanza biashara hutuambii?"

"Haya mashuka ni gredi ya kwanza kabisa. Nani kakushushia?"

Jirani alikuwa ameketi kwenye kigoda, fimbo magotini, anafurahi. Hakukanusha wala hakukubali. Nikaingia katikati, nikaanza kukusanya.

"Haviuzwi. Naomba mviache, haviuzwi."

"Kama haviuzwi mbona vimetundikwa?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa amekwisha kukumbatia mapazia.

"Vinapunga hewa."

"Vina pumu?"

Wakacheka wote, na jirani akacheka kuliko wao. Nilipogeuka nikamwona mwanamume mmoja, ametoka mtoni, gambuti miguuni na harufu ya samaki mwilini, amevaa lile koti la mama mkubwa. Amefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Jasho linamtiririka.

"Kaka, vua tafadhali. Ni la mtu."

"Najua ni la mtu, ng'ombe hawavai makoti. Namuuliza mwenye nalo kama linazuia maji."

"Halizuii," ilijibu sauti nyuma yangu. Mama mkubwa alikuwa amerudi. Alisimama kwenye njia na rozari mkononi, akitazama maisha yake yote ya ng'ambo yametundikwa kwenye kamba mbele ya watu anaowaona kwa mara ya kwanza. Nilisubiri uso wake ubadilike. "Likilowa linakuwa zito kama maiti," alisema. "Kwenye mtumbwi litakuzamisha. Na ukilivaa humu mjini utaiva kama kitumbua."

"Sasa mama, nguo ya namna hii huko wanaivaa ya nini?"

"Wewe baridi unaisikia kwenye friji. Sisi tulikuwa tunaishi humo ndani."

Yule mvuvi akalivua, akalitundika kwa heshima, akalinyoosha mabega. Yule mama wa mapazia akajieleza: alikuwa na sherehe ya kumuaga binti yake Jumamosi, ukumbi ni uwanja wake mwenyewe, ukuta haujapigwa rangi. Mama mkubwa akayatazama mapazia, akamtazama jirani.

"Sharti lako linasemaje?"

"Ukishaniachia, mimi ndiye ninayejua," alisema jirani. "Ayafunge Jumamosi, Jumatatu ayafue ayarudishe. Na wali nitaletewa."

"Basi umesikia, mama. Hongera na binti."

Ikaisha hivyo. Watu wakatawanyika wakichekana kwa kudhani mtumba. Mimi nilibaki na shuka mkononi, nimechoka kama niliyepigana. Nilimtazama yule mwanamke aliyevuka bahari nzima na vitu vile, sasa anakaa kwenye mkeka karibu na jirani wanamenya embe, na nikatamani, kwa tamaa ya kweli, kujua anafanyaje.

Jioni nilimuuliza. Tulikuwa barazani, mvua inajikusanya upande wa milima.

"Melini hukuyaogopea masanduku yako?"

"Nani, mimi? Nililala na funguo shingoni wiki nzima. Nilimsumbua mhudumu kila asubuhi. Naomba unishushe nikayaone. Ananiambia mama, haiwezekani, huko abiria hawaendi. Kesho yake tena. Mwisho akiniona anabadilisha njia." Alicheka. "Halafu kukawa na dhoruba. Meli inapanda, inashuka, sahani zinatembea. Nikalala nikawaza: meli hii ikizama, mimi na masanduku tutakutana huko chini. Isipozama, tutakutana bandarini. Kwa vyovyote tunakutana. Nikapata usingizi. Siku zilizobaki nilikuwa nakaa juu natazama maji. Nilikuwa nimekwisha kulipoteza juma zima sijaiona bahari."

Sikujua kwamba na yeye alihangaika.

"Mama yangu hajaningoja miaka yote hii aje apokee masanduku," aliendelea, sauti imeshuka. "Anangoja mikono. Nikifika na mikono mitupu ndiyo atanishika vizuri."

"Ndiyo maana nasema mimi nibaki niyalinde."

"Masanduku nimeona anayalinda jirani, tena mbele ya mtaa mzima." Alinigeukia. "Wewe unalinda nini?"

Ndilo swali nililokwenda nalo kitandani. Nililijibu kwa namna nyingi, na kila jibu lilipofika mahali lilikuwa linateremka chini ya kitanda na kukaa juu ya begi. Nilikuwa nasubiri kuitwa. Tangu nihitimu nilikuwa nimetuma maombi kila mahali, na begi lile lilikuwa limefungwa ili siku simu itakapolia nilishike na kuondoka bila kupoteza hata dakika. Kulifungua ilikuwa kama kusema nimebaki. Nilikuwa navaa nguo za zamani za nyumbani ili zile zisiguswe. Nilikuwa, kwa maneno ya mama mkubwa, nimeweka kila kitu tumboni mwa meli na kukaa chumbani bila mswaki. Lakini kujua hilo hakukunisaidia kuamua. Mimi naweza kujua jambo vizuri sana na bado nikalala macho.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Honi ya dereva ilisikika kona ya juu, akizunguka kukusanya abiria wengine kwanza. Jirani akaingia kwetu na fimbo yake bila kupiga hodi.

"Leteni vilivyobaki. Nyumba ikifungwa, vitu vinahamia kwangu."

"Haifungwi," nilisema. "Sijaamua bado."

Alinitazama, akamtazama mama mkubwa aliyekuwa tayari amevaa, begi lake lenye kitambaa chekundu begani. Kisha akainama kwa taabu, akachungulia chini ya kitanda changu.

"Na hili?"

"Hilo ni la usaili."

"Limekaa humo tangu lini?"

"Tangu nirudi."

Akalivuta kwa mpini wa fimbo. Nilisema subiri, lakini zipu ilikuwa imeshalia. Harufu ndiyo ilitoka kwanza, ile harufu ya stoo. Suti ilikuwa na madoadoa ya kijivu mabegani. Viatu vyangu vyeusi, ambavyo sikuwahi kuvivaa hata siku moja, vilikuwa vyeupe. Vilikuwa vimeota ukungu mrefu, laini, kuanzia kisiginoni mpaka ncha.

Jirani alikiinua kimoja akakisogeza kwenye mwanga.

"Ndevu," alisema kwa upole. "Huyu ameshakuwa babu."

Mama mkubwa aliziba mdomo kwa kanga. Nilitaka kukasirika, nikakosa mahali pa kuanzia, nikaona nimekaa chini sakafuni nacheka na machozi yananitoka. Vyeti vilikuwa vizima, ndani ya nailoni yake. Vingine vyote nilivitunza mpaka vikaharibika.

Jirani hakuwa na haraka ya kunifariji. Alichukua kitambaa, akakifuta kiatu, akakipiga piga, akavua ndala na kuingiza mguu wake mzima. Kiliingia.

"Hivi vitapona. Jumapili nakwenda navyo kanisani, vipate jua na watu. Suti naifua leo, naianika kila siku itakapowezekana. Ukiihitaji utaikuta iko hai."

"Na nikiitwa kwenye usaili?"

"Nakupigia simu."

"Mtandao ukiwa hakuna kule?"

"Namwambia dereva."

"Dereva akisahau?"

"Nakuja mwenyewe na mguu wangu huu, nimevaa viatu vyako, uone aibu."

"Na vyeti? Navyo utavitumia?"

"Nitavisoma," alisema. "Nataka kujua miaka yote ile ulikuwa unasoma nini."

Honi ikalia, safari hii mlangoni. Nikasimama katikati ya chumba. Nakumbuka kwamba hofu haikuniondoka hata kidogo. Yale maswali yote yalikuwepo, na mengine mapya: bibi atanionaje, wale akina mama wa kikundi watanicheka, ghala lina panya. Lakini nilipotazama chini kwenye begi lililofunguliwa sikuona tena kitu cha kulinda. Nikachukua kanga mbili, gauni moja, mswaki, nikavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Jirani akanitazama miguu, akaenda kwake akichechemea, akarudi na gambuti za binti wa nyumba ya kona aliyekuwa shule ya bweni.

"Za watu hizi," nilisema.

"Ndiyo. Zimeachwa kwangu. Zitumie."

Nikazivaa. Zilinibana kidogo vidoleni. Dereva alikuwa ameshusha kioo.

"Mama mmoja au wawili?"

Mama mkubwa alikuwa ameshapanda. Hakunijibia. Alikuwa anatazama mbele, upande wa daraja, mikono yake mitupu ameiweka mapajani.

"Wawili," nilisema. Nikampa jirani ufunguo wa nyumba, nikapanda, nikauvuta mlango mwenyewe.